Siku Niliyokaa Darasani kwa Niaba ya Mama

Wiki iliyopita, jioni, nilikuwa nafundisha darasa langu la mtandaoni. Kazi yangu ndiyo hiyo. Nakaa mezani kwangu hapa Embu mjini, nafungua kompyuta, na walimu walioko kazini, wengine Meru, wengine Timau, wengine ndani kabisa Mbeere, wanaingia kwa simu zao ili wasomee vyeti vya juu. Sura zao sizioni. Wanafunga kamera ili bando lisiishe, kwa hiyo mbele yangu kunakuwa na majina matupu, nami nazungumza na majina. Siku hiyo nikauliza swali, kimya. Nikauliza tena, kimya. Nikaanza kuita mmoja mmoja, na nilipofika kwa mwalimu mmoja wa kike wa Timau, ambaye hapa nitamwita Kagendo, sauti ikajibu, "Niko, mwalimu."

Haikuwa sauti ya mtu mzima. Ilikuwa ya mtoto anayejikaza asikike mkubwa. Wenzake Kagendo wakaangua kicheko, wale wale waliokuwa kimya kama maiti nilipouliza swali. Mimi sikucheka. Nilishika ukingo wa meza nikanyamaza, mpaka mmoja akauliza kama mtandao wangu umekatika.

Mtandao haukuwa umekatika. Kwenye rafu ya vitabu, karibu na kompyuta, nimeweka redio ya Mama. Tulimzika mwaka uliopita, na siku ya kugawana vitu ndugu zangu walizungumza mambo ya ng'ombe na shamba, mimi nikaomba redio. Walinitazama kwa huruma, wakidhani msiba umenipanda kichwani. Haiwaki tena. Lakini ukifungua kile kifuniko cha nyuma, pale palipokaa betri pana ukoko wa kijani, na panatoka harufu kali ya betri zilizovuja. Kwangu mimi hiyo ndiyo harufu ya mama yangu akisoma.

Nilikuwa darasa la tatu wakati huo. Nyumba yetu ilikuwa upande wa Kiambere, chini kwenye joto, mahali ambapo mvua ikikosea siku mnakula mtama wa mwaka jana. Nguzo kubwa za chuma zilipita juu ya mashamba yetu ya ndengu zikibeba umeme kutoka bwawa la Kiambere kwenda Nairobi, na sisi chini yake tuliwasha koroboi. Hakuna aliyeona ajabu. Ule umeme ulikuwa wa kupita tu, nasi tuliuacha upite. Nyaya zilikuwa na mvumo wa chini chini ambao ulisikika zaidi asubuhi, na sisi watoto tuliamini ni sauti za watu wa Nairobi wakiongea.

Mama alifundisha darasa la kwanza na la pili katika shule ya msingi ya pale. Kila mtu alimwita Mwalimu, hata Cucu, mama yake Baba, tuliyekaa naye boma moja na ambaye hakuwa mwepesi wa kumpa mtu heshima. Lakini cheti hakuwa nacho. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, shule ikakosa mtu wa darasa la kwanza, wakamwita aje ashikilie kwa muda, na muda huo ukawa miaka. Walimu kama yeye waliitwa UT, herufi mbili za Kiingereza ambazo maana yake ni kwamba hujasomea unachokifanya. Kisha ikaja habari kwamba watu wa UT wataondolewa shuleni. Asiyetaka kuondolewa asomee cheti akiwa kazini: vijitabu vinakuja kwa posta, mazoezi yanarudi kwa posta, na masomo mengine yanasomwa redioni, mara mbili kwa wiki, saa kumi na moja na nusu jioni.

Huo ndio uliokuwa mtandao wetu. Nikiwasikia vijana wa leo wakieleza eti kusoma bila kumwona mwalimu ni jambo jipya, nanyamaza tu, nisije nikaonekana mzee.

Mama alikuwa ameshaanguka mara moja somo moja, la namna ya kuwafundisha watoto kusoma. Sheria ilikuwa ukianguka tena somo hilo hilo, jina lako linatolewa, na darasa lako anapewa mtu mwenye cheti. Nililijua hilo kwa sababu nilimsikia akimwambia Baba wakati Baba alipokuja nyumbani mwisho wa mwezi. Baba alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya ngano kule Timau. "Nikitolewa pale," Mama alimwambia, "sijui kufanya kitu kingine. Sijui hata nitaamka asubuhi niende wapi." Baba akamwambia, "Hutatolewa." Baba alikuwa mtu wa maneno machache na yote yalikuwa ya kutia moyo, lakini hayakuwahi kuwa na maelezo.

Betri za redio zilikuwa nne, na zilichungwa kuliko mbuzi. Wenzangu wa rika langu mnajua. Betri ikichoka hukimbilii duka, unaianika juani irudishe nguvu kidogo, na wengine waliziuma kwa meno mpaka zikabonyea. Kazi ya kuanika ilikuwa yangu. Niliziweka kwenye jiwe bapa nyuma ya jikoni, nikazisogeza jua linavyosogea, na jioni nilizileta mkononi zikiwa za moto. Hakuna aliyeruhusiwa kufungua nyimbo. Hata Cucu, ambaye alitaka matangazo ya vifo tu, alinyimwa.

"Sasa mimi nitajuaje nani amekufa?" alilalamika kila siku.

"Utajua, Cucu," Mama alimjibu. "Watu wakifa watu husema."

"Husema wakiwa wamechelewa!"

Siku ya somo Mama alifika nyumbani kutoka shuleni, akanawa uso na miguu kwa maji kidogo sana, akavaa lile gauni la kanisani la maua ya bluu, na viatu. Viatu! Mama ambaye alitembea nyumbani peku, akapalilia peku, alivaa viatu vyeusi vya kanisani ili asikilize redio ndani ya nyumba yake mwenyewe. Aliiweka redio juu ya debe, ikimtazama, akaketi wima na daftari na kalamu. Mwalimu wa redio alikuwa na sauti nzuri, nene, ya Kiswahili cha kunyooka ambacho kwetu hakuna aliyekisema. "Habari za jioni, walimu wenzangu," alisema. "Natumaini nyote mpo."

"Niko, mwalimu," Mama alijibu.

Halafu mwalimu alifundisha, na akifika mahali aliuliza swali, akanyamaza. Katika kile kimya Mama alijibu kwa sauti, sentensi nzima, bila haraka. Na mwalimu alisema, "Vizuri sana." Hakukosa hata mara moja. Mama anajibu, mwalimu anasema vizuri sana, Mama anaandika.

Sasa niambieni, mtoto wa miaka minane angefikiria nini? Nilijua kwa hakika kwamba yule mtu anamsikia mama yangu. Nilijua pia njia anayomsikia kwayo: zile nyaya. Jibu la Mama lilipanda kwenye nguzo, likavuma hadi Nairobi, likafika kwake, naye akalipenda. Na kwa sababu ya viatu na gauni, nilikuwa na wasiwasi kwamba anamwona pia. Nilimwonea fahari mama yangu. Katika nchi nzima, mwalimu mkubwa namna ile ananyamaza kumngoja yeye ajibu! Nilikuwa nikikaa mlangoni, goti likiwa kidevuni, nikihesabu zile 'vizuri sana' zake.

Wiki ya somo la mwisho, Jumanne asubuhi, alikuja mtu na habari kwamba Baba amelazwa hospitali Meru. Ile baridi ya Timau ilikuwa imemshinda, mtu wa joto kama sisi, na kifua kilikuwa kimemjaa nimonia. Mama alifunga nguo kwenye leso. Kisha akasimama ghafla katikati ya nyumba, kama mtu aliyesahau kitu motoni.

"Leo ni Jumanne," akasema.

Zoezi la mwisho la lile somo lililomwangusha lilitegemea kipindi cha jioni hiyo. Vijitabu vilisema wazi: sikiliza somo, kisha andika. Zoezi lilitakiwa kutumwa Ijumaa, pamoja na barua za shule ambazo mwalimu mkuu alipeleka posta mwenyewe. Na pale kwetu hakuna mwingine aliyekuwa akisomea cheti.

"Ciarunji, kuja hapa unisikize," Mama akaniambia, akanishika mabega. "Wewe ndiye unayejua kuandika hapa nyumbani. Saa kumi na moja na nusu ufungue redio. Usiguse pengine, fungua tu, nimeiacha mahali pake. Uandike kila kitu anachosema. Hata kama huelewi, andika. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Ciarunji."

"Nimesikia, Mama!"

Akaenda. Nami nikaanika betri.

Haki ya Mungu nilikuwa na nia njema. Lakini kuanzia mchana kitu kingine kilianza kunisumbua. Shuleni kwetu hakukuwa na kosa kubwa kama kutoitikia jina lako. Ukiitwa na usiitike, Mama mwenyewe aliweka alama nyekundu kwenye rejista, na alama nyekundu zikizidi unatolewa. Sasa je, mwalimu wa redio akisema natumaini nyote mpo, halafu pale Kiambere kukawa kimya? Ataweka nyekundu. Mama atatolewa, si kwa kuanguka zoezi, ila kwa sababu kiti chake kilikuwa kitupu. Niliwaza hivyo mchana kutwa, na jioni ilipofika nilikuwa nimekata shauri. Nitakuwa Mama.

Niliosha miguu. Nilifunga kitambaa chake cha kichwa. Viatu vya kanisani alikuwa ameenda navyo Meru, kwa hiyo nikavaa gambuti zake za msimu wa mvua, zikanifika magotini.

"Wewe," Cucu akasema kutoka mlangoni, alipokuwa akichambua ndengu kwenye ungo. "Kunanyesha wapi?"

"Cucu tafadhali, nyamaza. Anaingia."

"Nani anaingia?"

Nikafungua redio. "Habari za jioni, walimu wenzangu. Natumaini nyote mpo."

Nilivuta sauti yangu kutoka chini kabisa ya tumbo, nikaifanya nzito, nikasema, "Niko, mwalimu."

Na akaendelea! Hakushtuka, hakuuliza huyu ni nani. Nilikuwa nimemdanganya. Niliandika kichwa cha somo kwenye daftari, kwa mwandiko wangu mzuri, na hilo ndilo jambo la mwisho nililoandika. Maana mara tu alipoanza kuuliza, sikuwa na nafasi ya kalamu.

"Mtoto anaingia darasa la kwanza," akasema, "na hajawahi kushika kitabu. Utaanza na nini?"

Hilo nililijua. Mama alilifanya kila Januari. "Nitamwonyesha kitabu kinafunguliwa upande gani," nikasema.

"Vizuri sana. Na neno gani utamwandikia kwanza?"

"Jina lake. Nje, kwenye mchanga, na kidole."

"Vizuri sana. Sasa una kitabu kimoja, na watoto ni wanne. Utawakalisha vipi?"

"Wawili huku, wawili kule. Wale wa kule watajua kusoma herufi zikiwa juu chini. Halafu nitawabadilisha."

"Vizuri sana. Na mtoto akikwama kwenye neno, mwalimu atafanya nini?"

"Atangoja."

"Vizuri sana."

Mniamini nikiwaambia sijawahi kuwa na furaha kama ile tena. Nilikuwa na jasho chini ya kitambaa, gambuti zikininata miguuni, na mwalimu wa nchi nzima alikuwa ananisifu mimi. Cucu alikuwa ameacha kuchambua ndengu, ananitazama tu mdomo wazi.

Kisha akauliza la tano. "Mtoto anajua kusoma, lakini anakataa kusoma mbele ya wenzake. Utamfanyaje?"

Nilifunga mdomo. Huyo mtoto alikuwa mimi. Darasa la kwanza nilikataa katakata kusoma mbele ya watu. Nilikojoa pale pale nilipoambiwa nisimame, na wengine walinicheka mwaka mzima. Niliona kama ananijua, kama ameambiwa. Niliinamisha kichwa nisijibu. Redio ilinyamaza muda ule ule wa siku zote.

"Vizuri sana," mwalimu akasema.

Nikainua kichwa.

"Sijajibu," nikamwambia, kwa sauti yangu ya kawaida.

Aliendelea na maneno yake. Nikasema kwa nguvu zaidi, "Mwalimu, sijasema kitu!" Akawa anaeleza jambo kuhusu darasa tulivu. Nikasimama, nikaishika ile redio kwa mikono miwili nikaipigia kelele. "Mwalimu! Mama hayuko! Ni mimi! Mama ameenda Meru!" Naye akatuaga vizuri, akatutakia kila la heri katika mitihani, na muziki ukapigwa.

Cucu aliweka ungo chini, akaja akaizima redio kwa kidole kimoja, maana nilikuwa nikilia sana kiasi cha kutoona.

"Unalia nini sasa?"

"Hasikii."

"Nani?"

"Mwalimu. Hamsikii Mama. Hajawahi kumsikia."

"Nani alikwambia anasikia?" Cucu akashangaa kweli kweli. "Hata wale wa kutangaza vifo hawasikii tukilia. Wanaenda tu kwa jina lingine."

Sikulilia daftari tupu, hilo nililiona baadaye. Nilimlilia Mama. Miaka miwili alikuwa anaosha miguu, anavaa viatu, anasema niko, na kumbe hakuna mtu upande ule. Nilimwona peke yake mbele ya debe na lile gauni la maua ya bluu, akiyajibu maswali kwa adabu, na nikamwonea huruma ambayo mtoto hapaswi kuwa nayo kwa mzazi wake. Nilidhani yeye hajui. Usiku na mchana, siku mbili, nilibeba siri hiyo: kwamba mama yangu anadanganywa na mimi tu ndiye ninayejua.

Alirudi Alhamisi mchana, vumbi hadi kwenye nyusi. Baba alikuwa ameanza kula, alisema, na alikuwa anatukana uji wa hospitali, kwa hiyo atapona. Alikunywa maji akiwa amesimama. Kisha akanyoosha mkono. "Lete daftari."

Nikampa. Aliona kichwa cha somo. Akafunua ukurasa wa pili, akafunua wa tatu, akarudi wa kwanza.

"Ciarunji, mengine yako wapi?"

Nilimwambia yote, gambuti na kitambaa na sauti nzito. Sikumwambia tu kwamba mwalimu hasikii. Nilipomaliza hakunipiga. Aliketi kwenye kiti chake, mbele ya debe, akaweka uso kwenye viganja. "Umenimaliza," akasema. "Nilikwambia uandike. Kitu kimoja tu." Sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo, na afadhali angechukua fimbo. Kutoka nje Cucu akasema, "Mtoto alikuwa anakuitikia, Mwalimu. Alikuwa na adabu sana."

Kuku aliingia akatoka. Kisha Mama akasema, bado amefunika uso, "Aliuliza nini?"

"Eh?"

"Mwalimu. Si unasema alikuwa anauliza? Aliuliza nini?"

Hapo ndipo nilipogundua kwamba nakumbuka kila neno. Mngekumbuka pia, kama mngesimama mbele ya nchi nzima mmevaa gambuti. Nilimwambia swali la kwanza. Mama alishusha mikono, akachukua kalamu, akaliandika. "Na wewe ulijibu nini?" Nikamwambia. Akaacha kuandika, akanitazama.

"Nani alikufunza hayo?"

"Ni wewe."

"Mimi?"

"Si ulituonyesha! Kitabu kinafunguliwa huku, si huku."

Tukaenda hivyo, swali la pili, la mchanga, la tatu, la watoto wanne. Kwenye wale wanaosoma herufi juu chini alicheka kidogo kupitia puani. Kalamu ilikuwa inakimbia sasa, na alikuwa anaongeza yake, kurasa mbili, kurasa tatu, mambo ambayo mwalimu wa redio hakuyasema na mimi sikuyasema, ila alikuwa akiyafanya kila siku chini ya bati lile la shule bila kujua yanaweza kuandikwa. Tulipofika la tano nikakwama.

"Mtoto anayekataa kusoma mbele ya wenzake. Ulisema nini?"

"Sikujibu."

"Mbona?"

Nilitazama chini. Akaelewa. Alikuwa mama yangu na alikuwa mwalimu wangu, na ndiye aliyepangusa sakafu siku ile. Akauliza polepole, "Mimi nilimfanyia nini huyo mtoto?"

"Ulimwambia aende awasomee mbuzi."

"Kwa nini mbuzi?"

"Kwa sababu mbuzi hawacheki."

"Halafu?"

"Halafu ukaja ukasimama na mbuzi."

Mama aliandika hilo. Niliona machozi yakimdondoka juu ya daftari na akayapangusa haraka kwa kiwiko ili wino usitapakae. Mimi nikaona ndio wakati wa kumwambia ile siri, maana haikuwa haki tena kumficha.

"Mama, yule mwalimu hasikii."

"Najua."

"Hasikii hata kidogo! Nilinyamaza na akasema vizuri sana!"

"Ciarunji, najua. Anaongea kwa watu wengi, atasikia nani?"

Nilihisi kudanganywa mimi sasa. "Kwa hivyo kwa nini unamjibu? Kwa nini unavaa viatu?"

Aliweka kalamu chini akafikiria. Mama hakuwa mtu wa kumjibu mtoto ovyo. "Nikikaa peku nitakumbuka kuni," akasema. "Nikinyamaza nitalala. Nikijibu kwa sauti najua kama najua." Kisha akashika kile kitambaa chake ambacho nilikuwa bado nimekifunga tangu Jumanne, akakinyoosha vizuri kichwani mwangu. "Na tena, si wewe ulikuwa pale mlangoni unasikia?"

Ijumaa asubuhi mwalimu mkuu alikwenda na bahasha. Zoezi lilirudi baada ya wiki nyingi, Baba akiwa ameshapona na kurudi kwenye ngano yake. Mama alifungua bahasha akiwa amesimama jikoni, nami nikiwa nimemshika gauni. Amepita. Pembeni mwa lile jibu la tano, mkufunzi ambaye hatukuwahi kumwona alikuwa ameandika kwa wino mwekundu kwamba habari za mbuzi hazikuwamo katika somo, lakini asiziache. Mama alifundisha pale hadi alipostaafu, na cheti chake kilipokuja kilitundikwa ukutani juu ya debe la redio. Jioni hiyo alifungua matangazo ya vifo, akaongeza sauti, akamwita Cucu aje asikilize hadi mwisho.

Sasa nirudi kwa yule mtoto wa Timau. Kicheko kilikuwa kimeisha, na kila mtu alikuwa anangoja niseme kitu.

"Kagendo," nikasema, "uko?"

"Niko, mwalimu." Ile sauti nzito tena, lakini ilikuwa imeanza kutetemeka.

"Mama ameenda wapi?"

Nilisikia mtu akimeza mate karibu sana na simu. Kisha sauti ikawa ndogo kama ilivyoumbwa. "Amepeleka mtoto hospitali. Ameniambia nishike simu nisikize. Mwalimu, usimtoe. Tafadhali usimtoe, mimi niko."

Nilitazama ile redio kwenye rafu.

"Simtoi," nikamwambia. "Nimekusikia. Unasikia wewe? Nimekusikia. Uko na kalamu?"

"Niko nayo."

"Basi andika. Nitasema polepole. Na ukikwama uniambie, nitangoja."